Unamvalia Nani?

Shangazi yangu aliuza kanga Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 8, kwenye kibaraza cha nyumba ya bibi. Duka hakuwa nalo. Alikuwa na kamba mbili kutoka nguzo hadi nguzo, doti zimetundikwa juu yake, majina, yale maneno yaliyochapwa juu ya kanga, yakitazama barabarani ili mpita njia asome bila kuuliza. Mteja akisimama, shangazi hakuanza na rangi wala bei. Alianza na swali: "Unamvalia nani?"

Swali hilo nililisikia tangu sijaanza shule, na sikulitia maanani. Ilinibidi niende chuo kikuu Dar es Salaam, nikae miaka mitatu nikisoma fasihi, ndipo nirudi kibarazani nilisikie kwa mara ya kwanza. Ninaandika haya kwa sababu kila mwaka wanafunzi wangu wawili watatu wa kidato cha sita hunijia kuniuliza kama inafaa kwenda kusomea fasihi na uandishi. Huwaambia inafaa sana. Kisha hutaka kuwaeleza habari hii ya shangazi na kengele ikalia, nikaiacha njiani. Leo nina nafasi.

Niliingia chuo mwaka 2011 kwa mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Sekondari nilikuwa nimefundishwa kukipasua kitabu vipande viwili, fani na maudhui. Fani ina muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maudhui yana dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi. Mtahiniwa akiishika orodha hiyo, na kwa kila kipengele akawa na mifano mitatu kutoka kitabuni, hafeli. Siidharau, ndiyo iliyonivusha, na leo naifundisha mwenyewe. Lakini ina athari moja ambayo nilichelewa mno kuitambua. Humzoesha mwanafunzi kuamini kwamba mwandishi naye alianza na orodha: alikaa mezani, akachagua dhamira, halafu akatafuta watu wa kuibeba.

Miaka miwili ya kwanza nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Tulisoma tenzi za kale, tukasoma nadharia, umuundo, umaksi, ufeministi, upokezi. Tulifundishwa habari za ugomvi mkubwa wa washairi: upande mmoja waliosimama na kanuni alizoziandika Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, na upande wa pili vijana wa chuo walioandika bila vina, Euphrase Kezilahabi akiwa mbele yao na diwani yake ya *Kichomi* ya mwaka 1974. Nilikuwa sijui kwamba watu wazima wanaweza kubishana miaka na miaka kwa ajili ya vina na mizani, na kubishana huko kulinipa heshima mpya kwa lugha ninayoiota usiku. Habari za mkopo kuchelewa na kulala wanne chumba cha wawili naziacha; kila aliyesoma anazijua.

Mwaka wa tatu nikachagua kozi ya uandishi bunifu. Tulikuwa 14. Utaratibu ulikuwa huu: unasoma hadithi yako kwa sauti, kisha unanyamaza mpaka wenzako wote wamalize kusema. Huruhusiwi kujitetea, hata kufafanua neno.

Mimi niliandika hadithi ya mkata mkonge. Baba yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza, na alifariki nikiwa na miaka 13. Kwa hiyo jambo lenyewe nilikuwa nalo. Lakini nilianza kama nilivyozoea, kwa kuandika dhamira juu ya karatasi: unyonyaji wa wafanyakazi mashambani. Halafu nikamweka mtu chini yake. Mtu huyo alikandamizwa, alidhulumiwa, alivumilia, na kwenye ukurasa wa saba akafa. Nilitumia tamathali nyingi za semi. Niliamini nimeandika kitu kizito.

Nilipomaliza kusoma, darasa lilikaa kimya. Wawili wakasifu lugha. Kisha mwenzetu mmoja wa Mbeya, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akasema, "Nimemsikiliza huyu baba kurasa saba. Kazi yake ni kukata, lakini mikono yake sijaiona. Huyu baba hana mikono."

Ninaomba msomaji asiyetoka pwani aelewe jinsi maneno hayo yalivyoniingia. Kwetu Tanga mtu hakwambii jambo usoni namna hiyo. Jirani akikukera hugombi naye. Unanunua doti, unajifunga, unapita mbele ya mlango wake ukienda dukani, na unapita tena ukirudi na kiberiti ambacho hukukihitaji. Atasoma. Akiona neno limemfika, atanunua yake. Watu wanaweza kusemezana hivyo mwezi mzima huku wakiamkiana vizuri kila asubuhi na kupelekeana futari. Mtu kusimama mbele ya watu 13 na kusema baba niliyemzika hana mikono, na mimi nimekatazwa kufungua mdomo, kwangu ulikuwa ukatili. Nilirudi bwenini nikalala na njaa.

Ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba yule kijana alikuwa amesema kweli, na kwamba hakutaja baba yangu. Alitaja karatasi. Tena hakusema hadithi ni mbaya. Alisema alichokiona na asichokiona. Mpaka leo sijapata ukosoaji wa kunifaa kuliko ule, na nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu najitahidi kuufuata. Sisemi "hapa pamedorora." Nasema, "Umeniambia mvua ilinyesha, mbona hakuna aliyelowa?"

Mhadhiri wetu, mama wa makamo asiyependa kupandisha sauti, aliniita ofisini.

"Mwanangu, hadithi hii unamwambia nani?"

Nikajibu kama kwenye mtihani. "Jamii, Dokta."

"Ina jina?"

Nikawa sina la kusema.

"Nenda likizo. Ukirudi, uje na jina."

Nilipanda basi Ubungo asubuhi na mapema. Chalinze, daraja la Wami, Mkata, halafu Segera, ambapo vijana huinua mifuko ya machungwa mpaka usawa wa dirisha na unajua umeshafika nyumbani hata kama safari bado ndefu. Njia nzima nilikuwa natafuta jina. Nilifikiria wanafunzi wenzangu, nikafikiria wachapishaji, nikamfikiria mhadhiri mwenyewe. Hakuna aliyekaa.

Siku ya tatu nilikuwa kibarazani namsaidia shangazi kukunja mali. Akaja mwanamke kijana wa mtaa wa pili, ameolewa mwaka wa nne na hajajaliwa mtoto. Wifi yake alikuwa anayapeleka maneno kila mahali penye shughuli. Hakutueleza, Ngamiani yote ilikuwa inajua. Akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kanga nyekundu iliyoandikwa *Hasidi hana sababu*.

"Unamvalia nani?" shangazi akauliza, kwa sauti ya chini.

"Anajijua."

"Basi hii siyo. Hii kila atakayeisoma atadhani anaambiwa yeye. Utagombana na mtaa mzima, na yule unayemtaka atapita akicheka na wenziwe." Akavuta doti nyingine, ya kijani, pindo lake la korosho, imeandikwa *Japo sipati tamaa sikati*. "Chukua hii. Ataielewa yeye peke yake. Wengine wataona rangi."

Yule mwanamke aliisoma, akaisoma tena, midomo ikicheza bila sauti. Machozi yakamtoka pale pale. Akalipa, akajifunga, akaondoka nayo mwilini.

Mimi nilibaki nimeshika doti nusu nimeikunja. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo ya kanga mara mia, kwa maana ni ya wote, yamechapwa kiwandani kwa maelfu. Lakini pale yalikuwa yamepata mtu wa kuyavaa na mtu wa kuvaliwa, na ghafla yalikuwa na uzito ambao hadithi yangu ya kurasa saba haikuwa nao. Nyekundu ilisema na kila mtu. Hadithi yangu ilikuwa ile nyekundu.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Kuna kuvaa na kuna kumvalia mtu. Kuna kuimba na kumwimbia, kusema na kumsemea, kupika na kumpikia. Kauli ya kutendea nilikuwa nimeichambua katika sarufi tangu kidato cha tatu, silabi yake moja ile inayoingia tumboni mwa kitenzi na kuleta mtu wa pili. Chuoni nilikwenda kujifunza kuandika. Sikuwa nimewaza hata siku moja kuhusu kuandikia.

Niliporudi Dar nilikwenda maktaba, na nikaona aibu. Maana yote yalikuwa mbele yangu siku zote, na nilikuwa nimeyafanyia mtihani. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Tulifundishwa kuuita wosia, tukachambua nafasi ya mwanamke katika jamii ile, tukahesabu mizani 8 kwa kila mstari. Hakuna aliyetusimamisha kwenye mwito wake, *Negema wangu binti*. Negema ni kusogea. Mama mgonjwa anamwambia mwanawe asogee karibu, na ni kwa sababu anasema na mtoto mmoja kitandani ndiyo maana na mimi, wa mbali na wa baadaye, naweza kusogea nikasikia.

Nikaenda kwa Shaaban Robert, mtu wa kwetu kabisa, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, si mbali na mji wa Tanga. Utenzi wa *Hati* alimtungia bintiye Mwanjaa. Ule wa *Adili* alimtungia mwanawe Suleiman. Shairi la *Amina* ni la mkewe aliyefariki. Na kuna barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilizokusanywa na Profesa Mulokozi na kutolewa kitabuni mwaka 2002. Kitabu hicho nilikisoma siku mbili mfululizo. Hapo hayupo mshairi wa taifa. Yupo mtumishi wa serikali ya kikoloni anayehamishwa huku na huku, mwenye mambo ya fedha, ya ndoa, ya miswada, anayemwambia ndugu yake. Nilipoifungua tena riwaya yake ya *Kusadikika* ya mwaka 1951, ambayo sekondari niliiona kama mahubiri, nikasikia sauti ile ile ya mtu aliyezoea kumwambia mtu.

Hata washairi wa gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, nilianza kuwasoma upya. Mmoja anauliza, mwingine wa mji wa mbali anajibu kwa vina vile vile. Kujibizana kule tulikuwa tunakuita "dhima ya ushairi katika jamii." Ni watu waliokuwa wakiitana.

Wenye nadharia nao walishalisema kwa njia yao. Nadharia ya upokezi, iliyojengwa Ujerumani na kina Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser kuanzia miaka ya 1960, inamweka msomaji katikati ya kazi, na Iser anasema kuna msomaji aliyekwisha kuwekewa nafasi ndani ya matini yenyewe. Nililijibu swali hilo vizuri mno mwaka wa pili. Nilijua kulieleza kabla sijajua kulitumia, na nadhani hali hiyo ni ya kawaida kwa wanaosoma fasihi. Wala si kosa la nadharia. Jina la kitu hukaa akilini likingoja siku kitu chenyewe kitakapotokea. Shangazi alinionyesha kitu, na chuo kilikuwa kimeshanipa mahali pa kukiweka. Ningekuwa na kimoja tu kati ya viwili hivyo, nadhani nisingefika popote.

Jina nililomrudishia mhadhiri lilikuwa la mdogo wangu wa kiume. Baba alipofariki yeye alikuwa na miaka minne. Hamkumbuki. Ana picha moja, baba amesimama mbele ya nyumba, jua limemwangaza usoni hata macho hayaonekani.

Nilipoanza kumwandikia yeye, kila sentensi ilibadilika, na ningependa kueleza namna, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo hakuna kitabu kilinieleza.

Kwanza yalitoka maelezo yote ya Tanga. Mdogo wangu anaijua Ngamiani. Simwambii kwamba ni mtaa wenye barabara za namba na nyumba za vibaraza. Nilitupa ukurasa mzima wa mandhari. Lakini kuna vitu ambavyo sikuweza tena kuvipita haraka, maana yeye hakuviona. Nilipoandika "baba alikuwa mpole," nilimwona ananitazama. Mpole vipi? Ikabidi nimwambie kwamba baba aliishi shambani na kuja nyumbani Jumamosi kwa basi la Muheza. Kwamba utomvu wa mkonge huwasha ngozi, na kwamba hakutugusa kabla ya kunawa na kujipaka mafuta ya nazi kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, akihakikisha kila mahali, huku wewe mdogo wangu ukilia kwa kuchelewa kubebwa. Sikuandika "mpole" tena.

Ikabidi nimweleze kazi. Kisu, jani la chini kwanza, mwiba wa ncha ukiondolewa, majani 30 yakifungwa mzigo mmoja, mizigo ikipangwa kandokando ya njia kungoja kupelekwa korona, mashine ya kuyakamua. Singa, nyuzi za mkonge, zikianikwa nje hata kiwanja chote kikawa cheupe. Neno unyonyaji halimo. Ila kuna mahali mdogo wangu anaambiwa baba alikata mizigo mingapi siku aliyougua, na iliyohesabiwa kuwa yake ilikuwa mingapi. Namba mbili hizo zinatosha, nadhani.

Na lugha ikashuka. Nilikuwa nimepamba kwa sababu sikujua nasema na nani, na mtu asiyejua anasema na nani huvaa nguo za sherehe kila mahali. Kwa mdogo wangu sikuhitaji tashibiha nne kwa aya. Nilihitaji neno ambalo mama hulitumia.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema hii ni barua, siyo fasihi; akauliza Kezilahabi alimwandikia ndugu yake yupi riwaya ya *Nagona*. Tulibishana mpaka chakula kikaisha kantini. Sikuwa na jibu kamili, na leo pia sidai kwamba kila kitabu kina jina la mtu nyuma yake. Lakini nimewaona wanafunzi wengi kuliko mwenzangu yule, na wengi wanaokwama wamekwama pale nilipokwama mimi. Wanaiandikia jamii, au wanawaandikia waamuzi. Siku hizi tuna tuzo, nami nashukuru sana kwamba zipo: ile iliyoanzishwa kwa jina la Mabati-Cornell mwaka 2014 nilipokuwa namaliza, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Nawahimiza wanafunzi washiriki. Lakini jopo la waamuzi huwezi kulipaka mafuta ya nazi. Msichana mmoja aliniletea hadithi ya ukeketaji iliyoandikwa vizuri na iliyokufa. Nikamwuliza anamvalia nani. Akafikiri siku nne, akarudi na jina la rafiki yake wa darasa la sita aliyehama shule bila kuaga. Aliyoyaandika baada ya hapo yalinifanya nitoke nje ya ofisi ya walimu nikapunge hewa.

Darasani nilisoma hadithi mpya kabla ya mitihani ya mwisho. Yule wa Mbeya hakusema kitu mpaka tukatoka, akaniomba nakala ampelekee dada yake.

Lakini aliyengojwa hakuwa yeye. Nilirudi Tanga mwaka 2014 na kurasa 11 zilizopigwa chapa. Mdogo wangu alikuwa na miaka 14, mrefu kunizidi. Alizichukua akalala kifudifudi kwenye kibaraza, chini ya kamba za kanga, akasoma taratibu, akirudi nyuma mara kwa mara. Shangazi alijifanya anapanga mali. Nami nilichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Alipomaliza akafungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole.

"Dada, una hakika kisu alikishika mkono wa kulia?"

Mdogo wangu anatumia mkono wa kushoto. Amegombezwa kwa hilo madrasa, amegombezwa mezani, amefungwa kitambaa kiganjani ale kwa kulia. Nilimtazama. Mimi baba nilimwona Jumamosi, akiwa ameshanawa; akikata sikumwona hata siku moja. "Kulia" niliandika kwa sababu ndivyo watu wanavyoshika kisu.

Tukamwita mama. Alikuja akifuta mikono, nikamwuliza. Alikaa kwanza.

"Kushoto," akasema. "Kula alikula kwa kulia, bibi yenu alimzoesha kwa fimbo. Lakini kisu alikishika kushoto mpaka mwisho."

Mdogo wangu hakusema neno. Aliniomba kalamu, akaichukua kwa mkono wake ule ule, akakata "kulia" yeye mwenyewe, akaandika juu yake.